Kufuatilia Historia ya Familia ya Wakulima Walowezi wa Karne ya 19: Uchunguzi wa Familia ya Charles na Caroline Ingalls nchini Marekani, 1860–1902

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya familia ya Charles na Caroline Ingalls, wakulima waliohama mara kadhaa katika nyanda za Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Familia hiyo inajulikana zaidi kupitia riwaya za binti yao, Laura Ingalls Wilder. Kwa kulinganisha riwaya hizo na sensa, kumbukumbu za ardhi, Biblia ya familia na mswada wa wasifu wa Laura, insha inadai kwamba mlowezi anayesawiriwa kuwa mtu wa kujitegemea alitegemea mambo mawili ambayo simulizi huyafifiza: ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa wenyeji, na msaada wa serikali.

1.0 Utangulizi

Charles Phillip Ingalls alizaliwa mwaka 1836 huko Cuba, jimbo la New York. Caroline Lake Quiner alizaliwa mwaka 1839 huko Wisconsin. Walifunga ndoa Februari 1860 huko Concord, Wisconsin. Binti yao wa kwanza, Mary, alizaliwa mwaka 1865, na wa pili, Laura, tarehe 7 Februari 1867 karibu na mji wa Pepin. Katika miaka kumi na miwili iliyofuata familia iliishi Wisconsin, Kansas, Minnesota, Iowa na Dakota, na baadhi ya sehemu hizo iliziacha na kuzirudia.

Riwaya za Laura zilianza kuchapishwa mwaka 1932, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, na vizazi vya wasomaji vimezichukua kuwa ndiyo historia yenyewe ya familia. Swali la insha hii ni hili: familia hiyo inaonekanaje pale riwaya inapowekwa kando ya hati? Swali hili lina uzito kwa sababu sura ya mkulima mlowezi imetumiwa kueleza namna taifa zima lilivyojengwa, na ni nani aliyestahili ardhi yake.

2.0 Vyanzo na Uhakiki Wake

Mtafiti wa familia za kawaida za karne ya 19 huanza na sensa. Kabla ya mwaka 1850 sensa ya Marekani ilitaja kwa jina mkuu wa kaya tu. Tangu mwaka huo kila mtu huru aliandikwa jina. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sensa ya mwaka 1890 iliharibika katika moto uliotokea Washington mwaka 1921, na hivyo kuacha pengo kati ya mwaka 1880 na 1900. Pengo hilo huzibwa kwa majalada ya ardhi, ambamo mkulima alilazimika kueleza chini ya kiapo mahali alipoishi, alichojenga na alicholima.

Chanzo cha pili ni kumbukumbu ya familia. Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake nchini Kongo, Rwanda na Burundi kabla ya kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alisisitiza kwamba simulizi ni ushahidi wa wakati uliopita na pia wa wakati inaposimuliwa. Kanuni hiyo iliyokomazwa Afrika inafaa kabisa kwa riwaya za Laura. Aliziandika akiwa mtu mzima wa miaka ya sitini na sabini, akisaidiwa katika uhariri na binti yake, Rose Wilder Lane, ambaye alipinga vikali sera za misaada za Rais Roosevelt. Mswada wa awali wa wasifu, uliokamilika mwaka 1930 na kuchapishwa mwaka 2014, una matukio mengi ambayo riwaya ziliyaacha. Tofauti kati ya mswada na riwaya ni ushahidi wa kile kilichochaguliwa kukumbukwa.

3.0 Kansas, 1869–1871: Ardhi ya Nani?

Mwaka 1869 familia ilijenga nyumba ya magogo katika wilaya ya Montgomery, kusini mwa Kansas. Riwaya inasema nyumba hiyo ilikuwa maili 40 kutoka mji wa Independence. Kwa kweli ilikuwa takriban maili 13. Riwaya inamwonyesha Laura akiwa na umri wa kukumbuka na mdogo wake Carrie akiwa amekwisha kuzaliwa kabla ya safari. Biblia ya familia inaonyesha kwamba Carrie alizaliwa huko huko Kansas mwezi Agosti 1870, wakati Laura alikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya riwaya ya Kansas ni masimulizi ya wazazi yaliyopewa macho ya mtoto.

Jambo zito zaidi limo katika sensa ya mwaka 1870. Kaya ya Ingalls imeorodheshwa, lakini safu ya thamani ya ardhi iko tupu. Karani wa sensa alieleza sababu: ardhi ilikuwa mali ya Waosage, na walowezi hawakuwa na hatimiliki. Safu hiyo tupu inaeleza hali ya kisheria ya familia kwa uwazi kuliko sura nzima ya riwaya. Charles alikuwa amelima na kujenga ndani ya hifadhi ya watu wengine.

Waosage hawakuwa wamekubali kuondoka. Mkataba wa mwaka 1868, ambao ungeiuzia kampuni ya reli takriban ekari milioni 8 za ardhi yao, haukuidhinishwa na Seneti. Wakati huohuo walowezi walizidi kumiminika. Julai 1870 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamishia Waosage katika Eneo la Wahindi, Oklahoma ya leo, na ardhi yao iuzwe kwa walowezi kwa dola 1.25 kwa ekari. Septemba mwaka huo Waosage walikubali. Riwaya inadai kwamba familia iliondoka kwa sababu serikali ilikuwa ikituma askari kuwafukuza walowezi. Hati zinaonyesha kinyume: walowezi ndio walioshinda. Sababu inayoungwa mkono na mswada ni kwamba mnunuzi wa shamba lao la Wisconsin hakumaliza kulipa, ikabidi warudi kulichukua mwaka 1871.

Sensa hiyo inamtaja pia jirani yao, Dkt. George Tann, tabibu mweusi ambaye riwaya inamkumbuka kwa kuitibu familia ilipougua malaria. Hapa hati na simulizi vinakubaliana, na makubaliano hayo yanatukumbusha kwamba tatizo la riwaya ni uteuzi wake. Haikosi ukweli kila mahali.

4.0 Minnesota na Iowa, 1874–1879: Nzige, Kifo na Ukimya

Mwaka 1874 familia ilihamia karibu na Walnut Grove, Minnesota, ikaishi kwanza katika nyumba ya udongo iliyochimbwa ukingoni mwa kijito. Eneo hilo la Redwood lilikuwa karibu na iliyokuwa hifadhi ya Wadakota. Baada ya vita vya mwaka 1862 wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na mwaka uliofuata watu wao wakafukuzwa kisheria kutoka jimboni. Ngano ya walowezi ilipandwa juu ya ufukuzwaji huo.

Ngano yenyewe haikuvunwa. Kati ya mwaka 1873 na 1877 nzige wa Milima ya Rocky waliangamiza mazao ya wilaya nyingi. Mwishoni mwa mwaka 1875 Charles alitia saini tamko kwamba hana uwezo wowote, ili apewe unga wa msaada na jimbo. Riwaya inasimulia nzige kwa kirefu. Tamko hilo haimo.

Kimya kinachofuata ni kizito zaidi. Mtoto wa kiume, Charles Frederick, alizaliwa Novemba 1875 na kufariki Agosti 1876, familia ikiwa njiani kwenda Burr Oak, Iowa. Huko Charles na Caroline walisaidia kuendesha hoteli, na Grace, mtoto wa mwisho, alizaliwa mwaka 1877. Mswada unasimulia kwamba waliondoka Burr Oak usiku kwa sababu ya deni la kodi ya nyumba. Riwaya zimeiruka Iowa yote pamoja na kaburi la mtoto. Mkulima asiyekuwa na shamba, anayefanya kazi ya hoteli na kutoroka deni, hakuingia katika hadithi ya kusonga mbele.

5.0 Dakota, 1879–1902: Hatimiliki na Mkono wa Serikali

Mwaka 1879 Mary alipoteza uwezo wa kuona. Mwaka huohuo Charles alipata kazi ya uwekaji hesabu katika kambi ya ujenzi wa reli, na familia ikahamia mahali ulipozuka mji wa De Smet. Mwaka 1880 aliomba shamba chini ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1862, iliyompa mwombaji ardhi ya umma kwa ada ndogo, kwa sharti la kuishi na kulima kwa miaka mitano. Alithibitisha umiliki wake mwaka 1886. Hapo ndipo, akiwa na umri wa miaka 50, safu tupu ya mwaka 1870 ilipojazwa.

Hata hivyo, ardhi ilitolewa na serikali, na reli iliyomwajiri ilikuwa sehemu ya mfumo uliojengwa kwa ruzuku kubwa za ardhi ya umma. Vilevile, Mary alisoma katika chuo cha wasioona huko Vinton, Iowa, kuanzia mwaka 1881. Riwaya inasisitiza jasho la familia, hasa mshahara wa ualimu wa Laura. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba karo ililipwa na serikali ya Jimbo Tarajiwa la Dakota. Jasho hilo lilikuwapo kweli, lakini halikutosha peke yake. Baadaye Charles aliliuza shamba na kuishi mjini hadi alipofariki mwaka 1902. Caroline alifariki mwaka 1924.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba historia ya familia haifuatiliwi kwa kuchagua kati ya hati na simulizi. Hati hutuambia nani alikuwa wapi na kwa haki gani. Simulizi hutuambia walichotaka watoto wao wakirithi. Kwa familia ya Ingalls, penye tofauti kati ya viwili hivyo hurudi mambo yaleyale: ardhi ya Waosage na Wadakota, unga wa msaada, karo ya serikali, deni na mtoto aliyekufa. Hakuna kati ya hayo kinachofuta uvumilivu wa Charles na Caroline. Kinachobadilika ni hoja inayojengwa juu yao. Familia hii haiwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba walowezi walijitegemea wenyewe katika nchi tupu, kwa kuwa kumbukumbu zake zenyewe zinaonyesha nchi iliyokuwa na wenyewe na serikali iliyogawa ilichokwisha kutwaa.