Dozi Isiyo na Mwisho

Mtaani dozi ni kitu cha kumalizwa. Dawa ya malaria ni siku tatu. Antibaotiki ni siku tano, labda saba. Dawa ya TB ni miezi sita, na ukiimaliza unahesabiwa umepona. "Umemaliza dozi?" ndilo swali la mama, la nesi na la mwenye kemisti, na jibu zuri ni moja tu.

Sasa mchukue mzee wa miaka 54, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha upande wa Lunga Lunga, aliyepata mshtuko wa moyo na akanusurika. Anatoka hospitalini na karatasi ya dawa: aspirini, ya presha, na atorvastatini ya kupunguza kolesteroli. Anaambiwa ameze kila siku. Mpaka lini? Hakuna mpaka lini. Mwezi wa kwanza anameza. Wa pili anaruka siku kadhaa. Wa tatu anajisikia poa, amerudi kazini, chupa imeisha, na kodi ya nyumba inangoja. Kwa akili yake, dozi ameimaliza.

Si yeye peke yake. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaofuata matibabu ya muda mrefu, na kwamba katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Sisi hupenda kusema mzee ana kichwa ngumu. Lakini ukiifuata historia ya Eastlands utaona kwamba kidonge hiki kilifika kikiwa mgeni kabisa, katika mji ulioambiwa kwa miongo mingi kuwa ugonjwa wenyewe si wake.

Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu presha ya wanaume wa huko. Haikuwa ikipanda na umri jinsi ilivyopanda kwa Wazungu. Miaka 30 baadaye, mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha utafiti wao wa Kampala katika jarida hilo hilo. Waafrika walikuwa na kolesteroli ya chini na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno kwao. Wahindi wa mji huo huo walikuwa na kolesteroli ya juu na ugonjwa huo uliwasumbua sana. Madaktari wakazoea wazo moja: huu ni ugonjwa wa watu wengine.

Hawakuwa wakidanganya. Watu wa wakati huo walitembea sana, walikula vyakula vya shamba, na chumvi haikuwa nyingi. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo vipimo vya damu havikuweza kulionyesha, nalo ni jinsi Nairobi yenyewe ilivyopangwa.

Nairobi ya mkoloni ilimtaka kijana mwenye mikono, si mzee mwenye moyo. Muthurwa na Makongeni zilijengwa na reli kwa wafanyakazi wake. Sehemu kubwa ya makao ya Waafrika yalipangwa kwa hesabu ya kitanda: mwanamume mmoja, nafasi ya kulala moja, mke na watoto wabaki nyumbani. Mshahara nao ulikadiriwa kama wa kapera, hadi Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 iliposema wazi kwamba mfanyakazi anapaswa kulipwa kama mtu mwenye familia. Aliyezeeka au kuugua alirudi ocha. Miaka ile ambayo mishipa ya moyo huanza kuziba, hamsini kwenda sitini, wengi walikuwa wameshaondoka mjini. Wakifa kwa maumivu ya kifua, walifia mbali na mashine za kupima.

Baada ya 1963 mambo yaligeuka. Watu walileta familia, wakakaa. Jericho, Maringo, Mbotela, Kaloleni na Shauri Moyo zikapata wazee wake, waliostaafu hapo hapo, na watoto na wajukuu waliozaliwa hapo hapo. Mji ulipata umri.

Miaka ya themanini, Neil Poulter na wenzake waliwafuata vijana Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka katika British Medical Journal mwaka 1990. Presha ya waliohama ilipanda mapema mno, ndani ya wiki za kwanza za maisha ya mjini. Chumvi katika mkojo wao iliongezeka, potasiamu ikapungua. Hawa walikuwa watu wa damu moja na waliobaki, wakiwa bado vijana. Kilichobadilika kilikuwa mji, chakula na maisha. Kile kinga kilichoitwa cha Mwafrika kilikuwa kinga cha namna ya kuishi, na kiliachwa kwenye stendi ya basi.

Wakati huo huo, Japani, dawa ilikuwa imeshaanza kupatikana. Akira Endo, mwanasayansi wa kampuni ya Sankyo, alipima maelfu ya kuvu akitafuta kitu cha kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli. Mwaka 1973 alikipata katika ukungu wa jamii ya ule unaotoa penisilini. Statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kisha mwaka 1994 ukaja utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa 4,444 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Katika nusu iliyopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 256. Katika nusu iliyopewa simvastatini, 182. Tofauti hiyo ni watu 74.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Ini hutengeneza kolesteroli, na kidonge huzuia kazi hiyo. Ini likipungukiwa, huivuta ile iliyo kwenye damu. Mafuta yaliyojishika ndani ya mishipa hutulia, hayapasuki ovyo. Na kupasuka huko ndiko huleta damu iliyoganda, mshipa ukaziba, moyo ukapigwa. Mtu akiacha kumeza, kolesteroli hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Hakuna akiba inayobaki mwilini.

Shida ni kwamba hutasikia chochote. Ukimeza, husikii. Ukiacha, husikii pia. Panado ikishindwa, kichwa kitakuambia. Statini ikikosekana, kimya, mpaka siku ya siku. Halafu kuna maumivu ya misuli. Dawa hizi huweza kuyaleta kwa baadhi ya watu, lakini uchambuzi mkubwa uliotoka katika Lancet mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya maumivu yaliyoripotiwa na wanaomeza statini hayakusababishwa na dawa. Mwambie hivyo mtu anayesukuma mkokoteni Enterprise Road kutwa nzima. Mgongo ulimuuma kabla ya kidonge na unamuuma sasa, ila sasa kuna cha kulaumiwa. Kuna njia: daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina. Kuacha kimya kimya ndiko kunakoua.

Na doo? Hati miliki ya Lipitor, atorvastatini iliyouzwa kuliko zote, iliisha Marekani mwaka 2011, na leo statini za makampuni mengine zimejaa kwenye kemisti za mtaa. Bei imeshuka, ila mtu wa kibarua hulipwa kwa siku na dawa hununuliwa kwa mwezi. Hata hivyo pesa si jibu lote. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la kuwapa bure dawa watu 5,855 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Ufuatiliaji wa dawa uliongezeka kwa asilimia nne hadi sita tu. Bila malipo kabisa, na bado wengi waliacha.

Basi ni nini humfanya mtu ameze kidonge kila siku maisha yake yote? Nairobi inalijua jibu, kwa sababu imeshalifanya jambo hili na ARV. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 ilifungua mlango kwa dawa za bei nafuu. Mwaka 2004 kampuni ya Cosmos, hapo Rangwe Road ndani ya Industrial Area, ilipata leseni ya GlaxoSmithKline ya kutengeneza ARV. Lakini viwanda na sheria vilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa watu: washauri, vikundi, majirani waliomeza dawa hizo hizo, wahudumu waliokuja kubisha mlango ukikosa siku yako ya kliniki. Tulijifunza kuwa dozi inaweza kukosa mwisho na mtu bado akaishi vizuri.

Kibera, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipeleka somo hilo mbele zaidi. Kati ya Agosti 2013 na Agosti 2014 liliweka wagonjwa 1,432 katika vilabu 47, wa HIV pamoja na wa presha na kisukari, chumba kimoja. Walikutana kila miezi mitatu, wakapimwa haraka, wakachukua dawa zao, wakaenda kazini. Foleni ya siku nzima ikaondoka, na upweke nao ukapungua. Walioponea mshtuko wa moyo Eastlands wanahitaji kitu cha aina hiyo hiyo, na mfano hauko mbali: ni matatu mbili.

Kwa miaka mingi ghala la KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa nchini, lilikuwa Commercial Street, katikati ya Industrial Area. Kutoka hapo hadi Viwandani unatembea. Huko Viwandani na Korogocho, utafiti wa APHRC wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta kuwa kati ya watu wenye presha ya juu, ni kama mmoja kati ya watano tu aliyejua anayo. Dawa inaweza kuwa karibu namna hiyo na bado isimfikie mtu, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa nini aihitaji akiwa hana maumivu.

Vilabu vitachukua muda. Lakini kama una mzazi au mjomba aliyewahi kupigwa na moyo, kuna jambo unaloweza kufanya leo jioni. Usimuulize kama amemaliza dozi. Muulize zimebaki ngapi, na nani atapitia kemisti kabla hazijaisha.