Ubao wa Ngalawa na Boti ya Mjomba

Najua nimekuwa kimya, kazi zimenibana. Leo naziweka kando hifadhidata na programu, nataka tuzungumze kuhusu boti. Ndiyo, boti, na mimi ni mtu wa Machakos, mahali ambapo maji mengi tunayoyajua ni yale ya jerikeni.

Lakini tunalo Bwawa la Masinga. Lilikamilika mwaka 1981 kwenye Mto Tana, mpakani mwetu na Embu, na likijaa hutandaa takriban kilomita za mraba 120. Hapo ndipo mjomba wangu anapotafutia riziki. Ana boti ya pantoni: mitungi miwili ya chuma yenye urefu wa mita 6, jukwaa la mbao juu yake, na nyuma mashine ya nguvu za farasi 40 aliyoinunua ikiwa imetumika. Mwaka jana alinipigia simu akitaka nimsaidie kujaza fomu za mkopo. Alitaka mashine kubwa zaidi, kwa sababu boti yake ni nzito kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Dhamana ilikuwa hati ya shamba, lile lile analolima nyanya yangu mpaka leo.

Nikamwomba anipe mwezi mmoja kabla sijajaza chochote. Programu ikienda polepole hukimbilii kununua kompyuta mpya. Kwanza unatafuta ni wapi inapokwama.

Inapokwama ni hapa. Chombo kinachoelea tu hubebwa na maji kinayoyasukuma kando, kama alivyoeleza Archimedes. Kikianza kwenda hujitengenezea wimbi mbele na jingine nyuma. Kwa chombo cha kawaida cha mita 6, kikifika mwendo wa fundo 6 hivi, yaani kilomita 11 kwa saa, urefu wa wimbi hulingana na urefu wa chombo. Kuanzia hapo kinapanda mlima kilioujenga chenyewe. Ukiongeza nguvu, mlima nao unaongezeka. Njia ya kutoka ni maji yakiinue chombo kwa sababu ya mwendo, siyo kwa sababu ya ukubwa wake tu. Ubao ulioinamishwa kidogo ukisukuma maji chini, maji nayo huusukuma juu. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: mwendo mara mbili, kuinuliwa mara nne.

Wamarekani wanalijua tatizo la mitungi. Boti ya pantoni ya kisasa inahesabiwa kuwa ilianza mwaka 1952, pale Ambrose Weeres wa Richmond, Minnesota, alipoweka jukwaa la mbao juu ya mitungi miwili ya chuma. Ilitulia vizuri sana majini, ila haikuwa na haraka. Baadaye watengenezaji wakaanza kuchomelea mbavu zenye pembe ubavuni mwa mitungi, ili maji yanayopanda kandokando yageuzwe chini na boti inyanyuke. Mtungi ulikuwa wa kuelea, ubavu ukawa wa kuinua.

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Desemba nikaenda Pwani, kule Msambweni, na nikaona ngalawa ikivutwa ufukweni.

Wengi wetu wa bara tunaiona ngalawa kwenye picha za watalii na kuiita mtumbwi wenye mikono. Hebu iangalie vizuri. Katikati ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, la mita 5 au 6. Boriti mbili zimelazwa juu yake, na kila upande zimeshika matengo. Mimi nilitarajia kuona magogo ya kuelea, kitu kama mitungi ya mjomba. Haikuwa hivyo. Ni mbao nyembamba zilizochongoka, zimefungwa kwa mshazari. Mbao hizo ni ndogo mno kuweza kukibeba chombo kikiwa kimesimama. Kikisimama, kinayumba. Tanga likishika upepo, chombo huinamia upande wa demani, upepo unakoelekea, ubao wa upande huo unaingia majini, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo maji yanavyousukuma juu. Mzee mwenye chombo alinionyesha kwa kiganja chake: ukilaza ubao vibaya, unakunywa maji na kukuvuta chini, ukiuweka sawa unapanda. Hakutumia hesabu hata moja.

Nilirudi Machakos nikaanza kusoma, na hapo ndipo historia iliponishika. Mwaka 1919 Mwingereza James Hornell, mtaalamu wa uvuvi aliyekuwa akifanya kazi Madras, aliandika katika jarida la Man la London juu ya undugu wa mitumbwi ya Afrika Mashariki yenye matengo. Mwaka 1934 akalirudia jambo hilo kwa upana. Hoja yake ni kwamba chombo chenye matengo pande zote mbili kina asili ya visiwa vya Indonesia. Ushahidi mwingine umeongezeka tangu hapo. Lugha ya Kimalagasi inahusiana na lugha za Borneo. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walichapisha matokeo ya uchimbaji wa Komoro na Madagaska: katika tabaka za karne ya 8 hadi ya 10 walikuta mazao ya Asia, hasa mpunga na ndengu. Ndengu, jamani! Mkamba akisoma hapo lazima atabasamu.

Basi mabaharia walivuka bahari na wazo lao. Lakini kuna jambo moja linalonisumbua. Kule Indonesia, matengo kwa kawaida ni mianzi: mirija ya mviringo yenye hewa ndani. Inaelea, basi. Huku upande wa magharibi wa bahari tunakuta ubao wa mshazari. Kwa maneno mengine, kutoka kwenye mtungi wa kuelea kwenda kwenye ubao wa kuinua ni hatua ile ile waliyoipiga Wamarekani na mbavu zao, na huku ilipigwa na watu wenye tezo na kamba, kabla ya chuma cha kuchomelea na kabla ya mashine.

Tena tazama mwaka. Mwaka 1919, ule ule wa makala ya Hornell, chombo HD-4 cha Alexander Graham Bell na Casey Baldwin kilikimbia kilomita 114 kwa saa huko Nova Scotia, Kanada, kikiwa kimeinuliwa na mabawa yaliyokuwa majini. Hiyo iliandikwa kama uhandisi. Ngalawa iliandikwa kama asili na undugu: imetoka wapi, imefuata njia gani. Ni swali zuri, lakini pembe ya ubao ule nayo ilistahili swali lake.

Kila mwandishi wa programu anaijua hali hii. Unakabidhiwa programu ya zamani, aliyeiandika hayupo, hakuna maelezo hata mstari mmoja. Unaona kitu cha ajabu, unadhani ni makosa, unakifuta, na kila kitu kinaanguka. Ndipo unapogundua kwamba mtu alikuwa amefikiri. Ngalawa ni programu ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba waandishi wake bado wapo, wanazeeka ufukweni, na boti za faibaglasi zinachukua nafasi yao. Pembe ile wanaijua kwa kiganja. Mkono ukiondoka, nayo inaondoka.

Na mjomba? Fundi wetu wa jua kali alichomelea mbavu za chuma ubavuni mwa mitungi, nasi tukaijaribu boti Masinga. Nitasema ukweli: ikiwa na watu kumi na mizigo, hakuna kilichobadilika. Mbavu bila mwendo ni uzito tu, kama ngalawa bila upepo. Lakini ikiwa na watu watatu, pua ilinyanyuka, na lile povu lililokuwa likipanda ubavuni likatulia. Mjomba alizima mashine katikati ya bwawa, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza wale wa Pwani huwa wanapakia watu wangapi. Tangu siku hiyo anapakia wachache na kwenda safari nyingi zaidi.

Fomu za mkopo hazikujazwa. Hati ya shamba iko kabatini kwa nyanya, ndani ya bahasha yake ya kaki.

Ukienda Pwani usiishie kupiga picha ya tanga. Inama uangalie ubao wa pembeni, kisha mwulize mwenyewe kwa nini ameuweka vile. Na ukipata jibu, liandike.