Mwamuzi, Dadu na Simu: Historia ya Mchezo wa Uigizaji wa Mezani Ikitazamwa Kutoka Kabuchai

Michezo ya mezani inayojulikana zaidi katika eneo bunge la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, ni ile inayomalizika kwa mshindi na mshindwa, kama vile drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda, karata, na ludo ambayo siku hizi imeingia hata ndani ya simu. Mchezo wa uigizaji wa mezani ni wa ukoo mwingine. Ndani yake watu wachache, aghalabu kati ya wanne na sita, hukaa pamoja, kila mmoja akibuni mhusika wake na kumsemea, huku mmoja wao, anayeitwa msimamizi, akieleza mahali walipo wahusika hao, akiwasemea watu na viumbe wote wanaokutana nao, na kuamua matokeo ya vitendo vyao kwa msaada wa kanuni na dadu. Hakuna anayetoka na ushindi. Hadithi huendelea kikao baada ya kikao, na mfululizo wake, ambao wachezaji huuita kampeni, unaweza kudumu kwa miaka. Tangu mchezo huu uingie kwenye intaneti, kijana aliye Chwele anaweza kuwa kikao kimoja na wenzake walioko Kitale, Nairobi au ng'ambo, lakini ugumu wa kuuanza haukuondolewa na mtandao, kwa sababu ugumu huo una umri sawa na mchezo wenyewe: tangu mwanzo mtu aliingizwa na mtu, na vitabu vya kumfundisha mgeni vilikuja baadaye sana.

Cheo cha msimamizi kina asili ya kijeshi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza ya mchezo wa vita, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizoboreshwa za mchezo huo. Maofisa waligawanywa pande mbili, kila upande ukaandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi, naye mwamuzi, akitumia ramani, majedwali na dadu, akaamua kilichotokea na kumwambia kila mmoja yale tu ambayo angeweza kuyaona kutoka mahali alipo. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kuwa majedwali yapunguzwe na uamuzi uachiwe uzoefu wa mwamuzi. Mambo mawili ya wakati huo hayana budi kukumbukwa, kwani yatarudi katika simu za leo: amri ziliandikwa, wala hazikusemwa kwa mdomo, na mchezaji hakuhitaji kuzijua kanuni zote ilimradi mwamuzi azijue.

Hatua kutoka jeshi zima hadi mtu mmoja ilipigwa Marekani. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely alisimamia mchezo wa vita uliohusu mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein, na badala ya kuwapa wachezaji wote vikosi, aliwapa baadhi yao nafasi za wakazi wa mji kama vile meya, kila mmoja akiwa na azma yake ya siri. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji hao, aliendeleza wazo hilo katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, na kwa kushirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya kasha, nakala 1,000 za kwanza zikiunganishwa kwa mikono. Vijitabu hivyo viliandikwa kana kwamba msomaji tayari ni mzoefu wa michezo ya vita, na mtu asiyekuwa na mwenzake wa kumwelekeza aliweza kuvisoma mara tatu asijue aanzie wapi. Ilichukua miaka mitatu kabla ya J. Eric Holmes kuandaa toleo la wanaoanza, mwaka 1977, na mwaka 1983 Frank Mentzer akatoa kasha jekundu ambalo kijitabu chake cha kwanza kilimpitisha msomaji katika kisa kidogo akiwa peke yake, akijifunza kanuni moja baada ya nyingine. Ni vigumu kukadiria ni wangapi walioingia kwa mlango huo, lakini haki ya Mentzer ni kwamba alikuwa miongoni mwa wachache wa wakati wake waliomfikiria mtu asiye na kikundi.

Kwa msomaji wa Kabuchai, mtindo wa kujifunza kwa kukaa karibu na ajuaye si mgeni. Inafaa hata hivyo kutenganisha sanaa mbili za maneno za Wabukusu, ambao ndio wakazi wengi wa eneo hilo, kwani zinapofananishwa na mchezo huu huchanganywa kwa urahisi. Ya kwanza ni khuswala kumuse, hotuba ya baada ya maziko ya mzee anayeheshimiwa, ambayo hutolewa na msemaji maalumu, omuswali, anayetembea huku na huko mbele ya waombolezaji akisimulia nasaba, historia na maonyo. Jina la Manguliechi, mmoja wa mabingwa wa sanaa hiyo, lilivuma Bungoma yote. Humo neno ni la mmoja na wengine husikiliza. Ya pili ni ngano za jioni, zile za sungura Wanakhamuna na hila zake, ambamo hadhira huitikia, huimba na huuliza, na ambamo mtoto aliyesikiliza miezi mingi hujikuta siku moja akisimulia mwenyewe. Msimamizi anayejifanya omuswali, akahutubu saa nzima bila kumwachia mchezaji nafasi ya kutenda, huua kikao. Udugu wa kweli wa mchezo huu uko na ngano.

Kucheza kwa mbali nako kulianza mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1970 Rick Loomis alianzisha nchini Marekani mchezo wa kupelekeana amri kwa posta, na mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, aliunda programu iitwayo MUD, iliyoendelezwa baadaye na mwenzake Richard Bartle, ambamo watu wengi waliingia kwa pamoja katika dunia iliyoelezwa kwa maandishi matupu. Picha, sauti na video zilikuja nyuma ya maandishi. Roll20, meza ya kwenye intaneti yenye ramani na dadu za kidijitali, ilianza mwaka 2012. Discord, programu ya mazungumzo iliyopendwa na wachezaji wa michezo ya kompyuta, ilitoka mwaka 2015. Na mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, vikundi vingi vilivyokuwa vikikutana ana kwa ana vilihamia huko.

Historia hiyo ya mtandao haikuifikia Bungoma kwa mpangilio huohuo. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa, kiasi kwamba kwa wengi wa magharibi mwa nchi mtandao ulimaanisha kulipia dakika katika saiba ya mjini. Kilichofuata hakikuwa kompyuta ya nyumbani bali simu na bando, yaani data inayonunuliwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi ya siku moja au ya saa chache. Mwongozo mwingi wa wanaoanza uliotungwa Marekani na Ulaya humwazia mgeni mwenye kompyuta, kamera na saa tatu au nne mfululizo za mtandao usiokatika. Kwa mtu wa Chwele anayenunua bando la shilingi chache, ushauri huo ni sawa na kuelekezwa mlango uliofungwa, ilhali ule wa zamani zaidi, wa maandishi, uko wazi.

Mchezo wa maandishi huendeshwa katika kundi la Discord, au hata la WhatsApp, bila ulazima wa wote kuwa hewani kwa wakati mmoja. Mfano mmoja unatosha kuonyesha unavyokwenda. Msimamizi anaandika asubuhi kwamba Mto Kuywa umefurika na mwanga wa kurunzi unaonekana ng'ambo. Mchezaji mmoja, akiwa mapumzikoni kazini, anajibu kwamba mhusika wake anajaribu kuvuka kwa kushika mizizi ya mti. Msimamizi anataja kiwango cha ugumu, tuseme 15. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20, kwa mkono au kwa programu ndogo iliyomo kundini, anapata 9, anaongeza 4 za ustadi wa mhusika wake katika kazi za nguvu, jumla 13. Haijatosha. Hapo msimamizi dhaifu huandika kwamba jaribio limeshindikana na kuishia hapo, lakini msimamizi mzuri huandika kwamba mzizi umekatika, mhusika amebebwa hadi ukingo uleule hatua 50 chini, na sasa kurunzi ile inamjia yeye. Jioni mchezaji mwingine, aliyeko Kitale, anasoma yote hayo na kuongeza lake. Ujumbe wote wa siku nzima hugharimu data kidogo kuliko dakika chache za video. Hasara yake ni mwendo, kwani pambano linalomalizika kwa nusu saa mezani linaweza kuchukua wiki mbili, na vikundi vingi vya maandishi hufa kwa ukimya, si kwa ugomvi. Ndiyo maana wazoefu hukubaliana tangu siku ya kwanza ni mara ngapi kila mtu ataandika, na msimamizi afanye nini na mhusika wa aliyenyamaza.

Gharama ya vitabu ilikuwa kizuizi kingine. Vitabu vitatu vikuu vya Dungeons & Dragons huuzwa takriban dola 50 kila kimoja, jumla ambayo mwishoni mwa 2023, kwa bei ya shilingi 4,000 ambayo serikali ilitangaza kwa gunia la mahindi la kilo 90, ilimtaka mkulima auze zaidi ya magunia matano. Lakini tangu mwaka 2014 kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa bure, na kwa mchezaji anayeanza, asiye msimamizi, hizo zatosha kabisa. Kwa hakika kurasa chache zinazohusu mhusika wake na mhusika mmoja aliyekwisha kutayarishwa zamtosha kikao cha kwanza, kama maofisa wa Prussia walivyotoshwa na ramani na kalamu.

Mgeni wa Bungoma aweza pia kukutana na swali la wazazi. Katika miaka ya 1980 baadhi ya makundi ya Kikristo ya Marekani yalidai kuwa mchezo huu, kwa sababu ya mashetani na wachawi wa kubuni waliomo, ulikuwa mlango wa ibada za giza, na ushahidi wa madai hayo haukupatikana. Kenya nayo ilipitia hofu ya jinsi hiyo kwa sababu zake yenyewe, hadi Rais Moi akaunda mwaka 1994 tume ya kuchunguza ibada za shetani. Katika nyumba ambazo kumbukumbu hiyo ipo, picha za jalada peke yake zaweza kuzua mashaka, na kikundi kinachocheza mbele ya macho ya wazee huyaondoa mashaka hayo upesi kuliko kinachojificha.

Wala hakuna kanuni inayodai kuwepo kwa majumba ya mawe na mazimwi ya Ulaya. Jaribio la mapema la kuliingiza bara la Afrika katika kanuni hizo, kitabu Nyambe cha Christopher Dolunt cha mwaka 2002, lilitoka Marekani na kuchota kwa jamii nyingi kwa pamoja, jambo lililokuwa la heshima kwa nia lakini lililowaacha wasomaji wa mahali mahususi wakitafuta pao bila kupaona. Njia tofauti ilifunguka Januari 2023, baada ya kampuni inayomiliki Dungeons & Dragons kujaribu kubadili leseni iliyokuwa imetumika tangu 2000 na kukabiliwa na upinzani mkali wa wachezaji: ililazimika kuiacha hati ya kanuni zake chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo haiwezi tena kufutwa. Kwa hiyo kikundi cha Kabuchai kinachotaka kucheza kisa cha Mango, anayesimuliwa kuwa aliua joka pangoni kisha akatahiriwa, au kutafsiri kanuni kwa Kiswahili au Lubukusu na hata kuuza tafsiri hiyo, hakihitaji kuomba ruhusa kwa kampuni. Sharti lililopo ni kutaja kilikozitoa kanuni, ingawa kuhusu Mango mwenyewe wazee wa ukoo wake huenda wakawa na masharti yao.