Samaki wa Birikani: Choo cha Mawe Kabla ya Saruji

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, birika la chooni lilijengwa pembeni mwa chumba, likasiribwa chokaa, na sakafuni mwake fundi akazamisha bakuli la kauri kutoka Uchina. Bakuli lile halikuwa pambo tu. Birikani walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, au birika likioshwa, samaki walikimbilia bakulini wakakaa humo hadi maji yajazwe tena. Naanza na bakuli hili kwa sababu linaikosoa hadithi tuliyoizoea: kwamba choo safi cha ndani kililetwa pwani na saruji, koki na marumaru, na kwamba kabla ya hapo watu walijisitiri tu. Ushahidi uliobaki kwenye kuta unasema vingine. Ufundi wa chumba cha maji ulikuwapo, na vifaa vyake vilichaguliwa na watu walioyajua maji, chumvi na joto la pwani. Saruji ilileta haraka.

Gede, mji uliohamwa mapema karne ya 17 na ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, una nyumba zenye vyoo ndani kabisa ya makazi, pamoja na mahali pa kujitwaharishia. Kilwa Kisiwani, jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 lina hodhi la kuogea lenye pande nane. Zipo sauti zitakazosema kwamba yote hayo ni mambo ya wageni kutoka Uajemi na Uarabuni. Kwa hamamu za Unguja hoja hiyo ina mashiko: ile ya Kidichi ilijengwa kwa amri ya Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mapambo yake ya lipu yanaonyesha asili hiyo waziwazi. Lakini ukienda Shanga, kisiwani Pate, alikochimbua Mark Horton, unakuta msikiti mmoja ukijengwa tena na tena mahali palepale, kwanza kwa miti, baadaye kwa mawe ya tumbawe. Jamii iliyojifunza jiwe hatua kwa hatua namna hiyo haikukabidhiwa ufundi wake kamili kutoka jahazini.

Na jiwe lenyewe lina tabia zake. Tumbawe la baharini likitolewa bado bichi ni laini, linachongeka kwa shoka. Likikauka linakuwa gumu, ndiyo maana fundi alilihifadhi kwa miimo ya milango na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na ukuta akaujenga kwa mawe ya nchi kavu. Mabaki na vipande viliingia tanuri, ambalo mara nyingi halikuwa jengo bali rundo kubwa la magogo lililopangwa kwa duara, mawe yakawekwa juu, likawashwa. Jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi hupoteza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake. Likimwagiwa maji huvimba, huchemka, husagika lenyewe kuwa unga, na unga huo uliachwa muda mrefu upoe kabla ya kuguswa na mwiko. Ukutani, chokaa huirudisha hewa ileile kidogo kidogo mpaka iwe jiwe tena. Jambo la maana kwa choo ni kwamba lipu hiyo inapumua: maji yanayopenya hutoka kwa njia yaliyoingilia, na ukali wa chokaa mbichi huupa ukungu tabu ya kuota. Hata upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba, uliamuliwa na mkoko. Boriti zake zinazobeba dari hazivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi.

Saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, ilianza kutengenezwa Bamburi, Mombasa, mwaka 1954, na Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Viwanda vyote viwili vilijengwa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, kwa hiyo saruji yetu nayo ni mjukuu wa bahari ileile. Tofauti ni moto, nyuzi 1,450 badala ya 900, na muda: saruji hushika ndani ya saa chache. Kwa nyumba mpya ya matofali sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza inapopakwa juu ya ukuta wa chokaa. Ni ngumu na haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukwama nyuma yake, chumvi hujikusanya, na ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta huoza bila mtu kuona.

Kuna pingamizi mbili zisizopuuzika. Ya kwanza: nyumba hizo zilikuwa za waungwana, na kazi nzito za kubeba mawe na maji zilifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa. Ni kweli, na anayesifu zidaka bila kulitaja hilo anaficha nusu ya nyumba. Walio wengi waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na mfuko wa saruji umewapa wajukuu wao sakafu inayooshika kwa bei ambayo chokaa ya mawe haikuwahi kufika. Ila hiyo ni hoja ya nani aliyemiliki kitu, haigusi kama kitu chenyewe kilifaa. Ya pili ni mazingira: kuchimba matumbawe hai kunaua miamba wanakozalia samaki, na tanuri hula miti. Hapa sibishani. Chokaa ya ukarabati haihitaji tumbawe hai. Mawe ya chokaa ya nchi kavu yanatosha.

Fundi anayekarabati choo cha zamani cha Mji Mkongwe hana budi kuanza kwa kubandua. Nyuma ya saruji hukuta ukuta umelowa na unga mweupe wa chumvi umetanda. Lazima auache uchi, upepo upite, hata kama mwenye nyumba analalamika kwamba wageni wanakuja. Kisha chokaa inaingia tabaka moja, inasubiriwa, ndipo la pili.