Manamba wa Jana, Namba za Leo

Neno "manamba" limetokana na namba. Baada ya wenye mashamba ya katani kuunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, vijana wengi wa Buha waliandikishwa huko Kasulu na Kibondo na kupelekwa Tanga. Daftari la mwajiri lilimtambua kila mmoja kwa namba, si kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nalikumbuka neno hilo ninapotafakari daftari linalotuandika sote leo: rekodi za simu.

Rekodi hizo hazibebi maneno tuliyosemezana. Hubeba namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliotumika. Kwa kuwa ni mamilioni, mtafutaji hutumia vichujio: tarehe fulani, mnara fulani. Asipoijua namba yote, huweka alama ya nyota mahali pa tarakimu asizozijua, na kompyuta humletea kila kinacholingana. Nyota hiyo ni wavu, haichagui samaki.

Tuutupe wavu huo mpakani. Andika 257*, yaani namba zote za Burundi, kisha chuja kwa minara ya Kibondo. Watanaswa wakimbizi wanaowajulia hali wazazi wao, wafanyabiashara wa mazao, wakwe wa pande mbili za mpaka, na pengine mhalifu mmoja. Ukitafuta kwa majina, andika Nda*. Atakuja Melchior Ndadaye, Rais wa Burundi aliyeuawa Oktoba 1993, na pamoja naye Joyce Ndalichako, aliyekuwa waziri wetu na mbunge wa Kasulu Mjini. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Hakuna kichujio cha herufi kiwezacho kumtambua raia.

Sisemi rekodi hizi zisitafutwe kamwe. Kwa miaka mingi mabasi ya njia ya Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi, na abiria aliyeporwa ana haki ya kuona upelelezi ukifanyika. Lakini tangu mwaka 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole. Anayeishika namba, amemshika mtu. Mwaka 2024, mbele ya baraza la kazi la London, mpelelezi wa zamani wa Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, alidai kwamba taarifa za simu za Tundu Lissu zilipelekwa serikalini katika wiki zilizotangulia kupigwa kwake risasi, tarehe 7 Septemba 2017. Dai si hukumu, ila latosha kutukumbusha uzito wa jambo lenyewe.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa mtumishi wa umma aliyeketi mbele ya kompyuta, sheria hizo zapaswa kuwa maswali matatu: nani ameruhusu utafutaji huu, kwa nini nyota imewekwa hapa, na taarifa za walionaswa bure zitafutwa lini? Majibu yaandikwe na yahifadhiwe. Ikiwa kila simu ya mwananchi huacha rekodi, basi kila anayeitafuta naye aache yake.