Ubishi wa Nyayo za Laetoli

Najua nimepotea wiki mbili nzima, test ziliniandama, mnisamehe. Leo nina stori.

Juzi usiku umeme ulikatika hosteli. Kusoma hakuna, tukabaki kupiga soga gizani, na mimi kama kawaida yangu nikaanza habari za zamadamu. Rumeti wangu ni mtu wa uhandisi, haamini kitu mpaka akipime kwa rula. Akanikata kauli: "Wewe bwana, nyayo za miaka milioni tatu na zaidi? Hapa mvua moja tu inafuta alama za matairi. Nani kakudanganya?"

Nilinuna, lakini swali lake lilikuwa zuri. Kidato cha kwanza tulikariri tu: Zinjanthropus, Olduvai, 1959, Mary Leakey, basi. Sikumbuki hata mmoja wetu kuuliza yote hayo yamejulikanaje. Kesho yake nikazama maktaba, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Laetoli iko Ngorongoro, kama kilomita 45 kusini mwa Olduvai. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga jivu laini, ikafuatia mvua ya rasharasha. Jivu la aina ile likilowa halafu likakauka, linashika kama saruji. Viumbe wakapita juu yake likiwa bado bichi, kisha jivu jingine likashuka na kufunika kila kitu. Siri ni hiyo tu. Hata vishimo vya matone ya mvua vimebaki! Na umri nao haukubuniwa. Ndani ya majivu ya volkano kuna potasiamu, na sehemu yake hugeuka gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana. Ukipima gesi iliyonasa humo unapata miaka. Hapo mhandisi akatulia kidogo.

Namna zilivyogunduliwa ndiyo inachekesha. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa Laetoli walikuwa wanatupiana mavi makavu ya tembo. Ndiyo, watu wazima na madigrii yao! Mmoja, Andrew Hill, akiwa anakwepa akaanguka, na pale chini akaona alama za wanyama kwenye jivu gumu. Tembo, twiga, kanga, sungura, kila aina. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikafikia zenyewe sasa: nyayo kama 70 kwenye njia ya mita 27. Walipita watatu, na mmoja alikuwa akikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake.

Kisigino kimetua kwanza, na kidole gumba kimelala sambamba na vingine, hakikuchepuka pembeni kama cha sokwe. Hawa walitembea wima. Lakini ubongo wao ulikuwa kama theluthi moja tu ya wetu, na mpaka leo haijapatikana zana ya mawe yenye umri huo. Za zamani kabisa ni za Lomekwi, kule Turkana Kenya, miaka milioni 3.3. Darwin mwaka 1871 aliunganisha kusimama wima na mikono kuwa huru kushika silaha. Nyayo zinasema tulitembea kwanza, mengine yakaja baadaye sana. Tena usifikiri walikuwa mabwana wa pori. Mifupa ya jamii yao ina vidole vya mikono vilivyojipinda, vya kupandia miti, na mwenye kimo kile bila hata shoka angelala wapi penye fisi?

Kuna kitu kingine kiliniuma kidogo. Jamii hiyo inaitwa Australopithecus afarensis, jina la Afar, Ethiopia, alikopatikana Lucy mwaka 1974. Lakini mfupa uliotumika kama kielelezo cha kuipa jamii hiyo jina mwaka 1978 ni taya la Laetoli, na aliyeliokota mwaka 1974 ni Maundu Muluila. Mlishawahi kulisikia jina hilo darasani? Mimi sikulisikia.

Ila safari hii wenyeji nao wamo. Mwaka 2015 timu ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanachimba mashimo ya majaribio, kukagua eneo kabla ya makumbusho kujengwa, wakakuta nyayo nyingine kama mita 150 kutoka zile za zamani. Ni za watu wawili, na mmoja anakadiriwa kufika sentimita 165. Kwa zamadamu wa wakati ule hilo ni jitu!

Halafu kuna za dubu. Nyayo tano zilizoonekana tangu 1976 zilikuwa za ajabu ajabu, mguu mmoja unakatiza mbele ya mwingine, na kuna mtaalamu aliyesema labda ni dubu aliyesimama. Zikasahaulika. Mwaka 2019 zikafukuliwa upya, Charles Musiba akiwa kwenye timu. Walilinganisha na dubu wa kweli, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba ni za zamadamu, pengine wa aina tofauti na wale watatu. Yaani huenda aina mbili zilitembea wima pale pale, majira yale yale.

Nilipomaliza rumeti akakaa kimya, nikajua nimeshinda. Kumbe alikuwa anawaza. "Sasa hao wa aina ya pili," akauliza, "mifupa yao iko wapi?"

Haijapatikana. Umeme ukarudi, akafungua madaftari yake.