Aniceti Kitereza, Karani wa Ukerewe

Anapotajwa mwandishi wa riwaya aliyeichora jamii yake kama ilivyo, wasomi wengi humkumbuka Mfaransa Honoré de Balzac (1799–1850), aliyejihesabu kuwa karani tu wa jamii ya Ufaransa. Afrika ya Mashariki nayo ilimpata karani wake. Huyu hakutoka Lamu, Mombasa wala Unguja. Alitoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kaskazini ya Mwanza, ambako bahari ni ya maji baridi na lugha ya nyumbani ni Kikerewe.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisomeshwa na wamisionari huko Kagunguli, kisha akaendelea katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za kigeni. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Ndoa yao haikubakiwa na mtoto hata mmoja. Desturi ya wakati ule ilimpa mume wa namna hiyo ruhusa ya kutafuta mke mwingine. Kitereza alibaki na Anna.

Hapana shaka msiba huo ndio unaosikika ndani ya riwaya yake kubwa, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Bugonoka hazai, wakwe zake wanamsimanga, na wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere hamwachi. Anawaendea wakwe kwa unyenyekevu, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anailipa, na mkewe anarudi. Baada ya uganga na subira ndefu, wanajaliwa watoto wawili.

Lakini Kitereza hana haraka na kisa. Pombe ikipikwa, msomaji huonyeshwa kila hatua yake. Mgeni akibisha hodi, maamkizi yote husemwa mpaka mwisho. Kilimo, uvuvi, uganga, uzazi na mazishi, kila kimoja hupewa nafasi yake. Mwandishi aliona vijana wakiyasahau mambo ya wazee, akataka wayasome katika lugha ya mama zao.

Lugha hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia mlango, kwani hakupatikana mchapishaji wa kitabu kirefu cha Kikerewe. Katika uzee wake, akitiwa moyo na watafiti wa Kimarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, Kitereza aliifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 katika juzuu mbili, miaka 35 tangu ilipoandikwa. Nakala zilipigwa chapa China. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hazijamfikia mkononi. Baadaye kazi hiyo ilifasiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe.

Msomaji wa pwani huenda akakiona Kiswahili cha Kitereza kizito: sentensi ni ndefu, na maneno ya Kikerewe yamejaa. Asiharakishe kukihukumu. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kisiwani humo humo mwaka 1944, alilaumiwa kwa kuandika mashairi yasiyo na vina wala mizani. Leo hakuna anayeweza kuieleza historia ya ushairi wa Kiswahili akamruka. Wapwani wamekilea Kiswahili kwa karne nyingi, na heshima hiyo hawanyang'anywi. Lakini mzee wa Ukerewe alipotaka ulimwengu wa wazazi wake usizikwe pamoja naye, Kiswahili ndicho alichokikabidhi amana hiyo. Amana hutunzwa na aliyeipokea, na kitabu hutunzwa kwa kusomwa.